Mahali Ninapopumua

Jumapili iliyopita niliimba misa yangu ya mwisho. Wanakwaya walinipa blanketi la kijivu na jogoo mwenye kelele, mwalimu wa kwaya akanisifu mpaka nikageuka kutazama kama kuna mtu mwingine nyuma yangu, kisha kijana Damiani, yule besi wetu kutoka Msamala, akasimama na kusema kwamba sasa hatimaye kwaya itapata sauti ya chini isiyo na shimo. Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana kijana ana haki ya kumtania mzee siku anapomrithi.

Shimo analolisema linajulikana misheni nzima. Katika ule wimbo wa Kwaresima tunaouita Wimbo wa Bruda, kuna mstari mrefu katikati ambao besi hushikilia sauti moja, chini kabisa, huku sauti nyingine zikipanda na kushuka juu yake. Kila nikifika hapo nanyamaza, navuta pumzi taratibu, kisha narudi. Wasimamizi wote wa kwaya waliopita walijaribu kunitibu. Mmoja alinikataza ugoro, na mimi sijawahi kunusa ugoro. Mwingine, padri aliyejua dawa kidogo, aliniwekea sikio kifuani akasema mapafu ni ya ng'ombe, tatizo liko kichwani. Huyo alikaribia.

Nimeombwa niwaandikie ninyi mnaobaki mambo ya kazi hii. Basi nitaandika, na shimo nitalieleza zamu yake ikifika. Mambo ya cheo hamtayapata hapa. Besi husimama nyuma siku ya kwanza, na siku ya mwisho bado yuko nyuma.

Nilianza kuimba kabla sijajua kwamba ni kazi. Kwetu Wangoni wanaume wana uchezaji wao, ligihu, ambao hauhitaji ngoma ya kupigwa, miguu yao inatosha. Vijana huimba juu, watu wazima katikati, na nyuma yao husimama wanaume wawili wenye sauti nzito ambao kazi yao ni moja tu, kushika chini. Kwa baba zetu, chini hapakatiki. Mmoja akitaka kupumua humgusa mwenzake kwa kiwiko, mwenzake akashika, naye akapumua bila haraka. Baadaye wanapokezana. Ukivuta pumzi kwa pupa, wazee husema humwamini mwenzako, na hiyo ni aibu kubwa kuliko kusahau maneno. Mwenzangu alikuwa Mtepa, mume wa dada yangu. Tuliitana mlamu, kama mashemeji wanavyoitana huku kwetu, na kutwa tulitukanana kadiri mila inavyoruhusu. Yeye alisema sauti yangu ni ya chura aliyemezwa na nyoka. Mimi nilisema dada alikubali kuolewa naye kwa sababu alimsikia kabla ya kumwona.

Hizo zilikuwa siku za mwanzo za Wajerumani. Boma la Songea lilikuwa jipya, na kodi ilikuwa mpya zaidi. Misheni yetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka bomani, ilikuwa na mapadri wa Kijerumani na bruda mmoja ambaye hakuwa Mjerumani. Huyo ndiye Bruda Anselmo, Mtaliano mwenye kifua cha pipa, fundi wa matofali. Siku moja kulikuwa na matanga jirani na tanuri lake, nasi tukaitwa kuimba. Akaacha udongo ukikauka kwenye vibao, akaja akasimama karibu mno, ameinamisha sikio kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. Tulipomaliza akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ni nani kati yetu anayepumua. Tukamwambia tunapumua wote wawili. Akasema amesikiliza wimbo mzima na hajasikia pumzi hata moja. Kisha akacheka peke yake, akatuambia tuje misheni Jumatatu, kuna kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa matofali, hatukudanganywa. Tulikanyaga udongo kutwa. Jioni ndipo ilipoanza ile nyingine. Alitulaza chali nyuma ya tanuri, kila mmoja na jiwe la kusagia ulezi juu ya tumbo, akatuamuru tulipandishe jiwe kwa pumzi na kulishusha polepole bila kulitikisa. Wanawake waliopita kwenda kisimani walimwuliza kama tutajifungua salama. Mtepa alijibu kwamba yeye anatazamia mapacha.

Mengi ninayowafundisha ninyi yalitoka kwa Bruda, na myatunze. Usiimbe ukiwa umeshiba ugali, tumbo lililojaa halina nafasi ya hewa. Usikohoe kusafisha koo, meza mate. Imba mbele ya mshumaa unaowaka karibu na mdomo, na ukiuzima umepoteza pumzi yako bure. Ukikwama, shuka chini, usipande juu. Alikuwa na kipande cha chuma chenye matawi mawili, akikigonga gotini kinatoa sauti moja isiyobadilika, na kutoka hapo tulitafuta zetu. Chuma hicho kilikaa mfukoni mwake hata akipanga matofali. Leo kiko mfukoni mwangu.

Katika kupumzika alitusimulia kazi yake ya zamani, maana kabla ya kuwa bruda alikuwa mwimbaji wa opera huko kwao. Alizaliwa mtoto wa mpasua mawe. Huko Italia, alisema, kuna nyumba kubwa ambamo watu waliovaa vizuri huketi kwenye kiza kuwatazama wengine wakizungumza kwa kuimba. Mtu akitaka maji ya kunywa, anayaimba. Akichomwa kisu, anaimba kwanza ndipo afe. Mtepa aliuliza kwa nini aliyemchoma hakimbii wakati ule wa kuimba. Bruda akasema naye alijiuliza hivyo miaka mingi, hasa mchomaji alipokuwa yeye mwenyewe.

Siku yake ya kwanza alipewa maneno mawili tu, kutangaza kwamba mfalme amefika. Alisubiri pembeni, zamu ikafika, akaingia akaimba kwa nguvu zake zote: mfalme amefika. Mfalme hakufika, alikuwa bado anavutana na kiatu chake. Bruda akabaki mbele ya umati hana neno lingine. Akayaimba tena yale yale mawili, chini zaidi, na mfalme bado, akayaimba tena chini kabisa. Watu wakadhani ndivyo ilivyoandikwa, wakapiga makofi. Hapo ndipo alipojifunza kwamba mtu akikwama ashuke.

Alituonya mapema kwamba besi hapati mchumba. Mchumba ni wa tenori, mtu wa sauti ya juu na miguu myembamba. Besi hupewa kuwa kuhani, baba mkali, shetani, au mzimu wa mtu aliyekufa kabla mchezo haujaanza. Akibahatika, huwa mfalme. Yeye alikuwa mfalme karibu maisha yake yote ya kazi, na mfalme aliyempenda kuliko wote alikuwa mmoja mkali ambaye huletewa wafungwa wa vita. Mzee mmoja huja mbele yake kumwombea mwanawe, naye huomba kwa wimbo. Mfalme anasikiliza ameketi. Kisha anasimama, anautupa upanga chini, na minyororo inafunguliwa. Bruda alisema nyumba nzima ilikuwa ikilia, hata askari wa mji waliowekwa milangoni.

"Nimesamehe watu wengi sana," alikuwa akituambia, na hakuwa anatania.

Aliiacha kazi ile kwa sababu ya mkewe. Alifariki akijifungua katika mji mwingine wakati Bruda yuko jukwaani amevaa taji, na waliopata habari hawakumwambia mpaka mchezo ulipokwisha. Hakuvaa taji tena. Akavuka milima, akajiunga na watawa wa Kijerumani ambao lugha yao hakuijua, wakampa koleo. Nadhani alitaka kazi ambayo mtu hapigiwi makofi.

Ule wimbo wa yule mzee ndio alioufanya kuwa wimbo wetu wa Kwaresima. Hakuukumbuka vizuri, basi nusu aliikumbuka na nusu akaitunga, mimi nikamsaidia maneno. Bwana uliyeketi juu, watazame walio chini. Katikati akaweka ule mstari mrefu, ambao hakuna besi mmoja duniani anayeweza kuubeba kwa pumzi moja. Aliutengeneza kwa ajili yetu wawili, tupokezane kama katika ligihu. Padri mkuu alipousikia mara ya kwanza aliangalia chini ya kinanda kama kuna mtu mwingine amefichwa. Hiyo ndiyo miaka ambayo ningeipenda irudi. Sikujua wakati ule kwamba ni mizuri. Nililalamika kuhusu matofali.

Kisha habari za maji ya dawa zikafika Ungoni. Ninyi mmesikia mengi kuhusu vita ile, mimi nitasema ya besi wawili tu. Nduna wa akina Mtepa, yaani jumbe wao, aliyapokea maji. Nduna wangu mimi alikwisha kunihesabu mtu wa wazungu, hakuniita. Mtepa alikuja tanurini kuniaga. Nilimwambia hayo maji ni maji tu. Akasema huenda, lakini nduna wake si maji, ni nduna wake, na mwanaume asiyesimama na watu wake leo atasimama na nani kesho. Nilimtajia dada na mtoto. Akanigonga kwa kiwiko, kama tunavyogongana tukiimba.

"Mlamu," akasema, "shika chini peke yako siku chache."

Misheni ilichomwa. Mapadri walikimbilia upande wa ziwa, nami nikaenda nao nimebeba godoro la Bruda na sufuria. Tuliporudi, kanisa lilikuwa majivu na kinanda kilikuwa kimebaki vyuma. Vita ilikuwa imekwisha na Wajerumani walikuwa wakiimalizia kwenye mashamba. Walichoma mahindi, walichoma ulezi, walichoma maghala. Wanaume waliobaki hai walikamatwa, Mtepa akiwemo.

Dada alikuja misheni kwa miguu na mtoto mgongoni. Alisema majina yamesomwa bomani ya watakaonyongwa, na jina la mumewe limo. Hakulia. Alimtazama Bruda akamwambia, "Wewe ni mzungu. Waombe wenzako."

Padri mkuu alikuwa amekwisha kwenda kuomba kwa ajili ya wengi, na amekataliwa. Bruda alijua hivyo. Alikaa juu ya rundo la matofali yaliyovunjika, akikigonga chuma chake gotini tena na tena bila kuimba lolote. Mwishowe akaniita akaniambia alichofikiri. Bwana Mkubwa wa boma, alisema, ni mtu anayependa muziki, amekwisha kuuliza habari za opera aliposikia kwamba kuna bruda aliyeimba. Tutakwenda kumwimbia ule wimbo wa mzee anayeomba. Lakini wimbo ule una besi wawili, kwa hiyo itabidi Mtepa atolewe gerezani aje kuimba, na Bwana Mkubwa atamsikia mwenyewe.

Nilimwuliza kama kweli anaamini jambo hilo litafaa. Akanijibu kwamba hakuna mfalme anayeweza kusikia chini ikishikwa namna ile akabaki vilevile. "Mimi najua," akasema. "Nimekuwa mfalme."

Mtu mwingine yeyote angeliona kosa lililokuwa hapo. Wakulima wangeliona, wafanyabiashara wa Kihindi wangeliona, hata watoto. Lakini yeye alikuwa ameketi katika kiti kile cha mfalme usiku mwingi mno, na kila usiku moyo wake ulilainika mahali pale pale. Na mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Niliamini kama nilivyoamini jiwe la tumboni.

Bwana Mkubwa alikubali, tena kwa furaha. Tulimkuta barazani, mguu mmoja juu ya kiti, ameagiza kahawa. Alizungumza na Bruda habari za nyumba za opera alizowahi kuingia, akitaja waimbaji, Bruda akitikisa kichwa kwa adabu. Kisha wakamleta Mtepa. Walikuwa wamemwondoa kwenye mnyororo wa shingo aliofungwa pamoja na wenzake, lakini ule wa miguu waliuacha. Alikuwa amekonda mpaka nikajiuliza sauti itatoka wapi. Alisimama kando yangu, akanitazama juu mpaka chini.

"Mlamu, chura bado yu hai?" akauliza.

Mila ilinitaka nijibu, tusi lilikuwepo mdomoni, na sikuweza. Tulisimama kiwiko kwa kiwiko. Bruda akagonga chuma.

Sikuwahi kumsikia Bruda akiimba kwa sauti yake nzima mpaka siku ile. Tanurini alikuwa akituonyesha tu, kwa nusu. Askari waliokuwa wakicheza karata waliziweka karata chini. Sisi tukaingia, mimi na mlamu wangu, tukaushika ule mstari. Kiwiko chake kikinigusa nashika, changu kikimgusa anashika. Bwana Mkubwa alifumba macho. Nasema nilichokiona: machozi yalimtoka, akayafuta kwa kidole. Wimbo ulipofika mwisho akasimama kutoka kitini.

Alisimama kabisa, kama yule mfalme wa Bruda. Nilimwona Bruda akianza kupiga goti.

Bwana Mkubwa akapiga makofi. Akasema ni vizuri sana, hajasikia kitu kama hicho tangu aondoke kwao, na akaomba turudie.

Tukarudia. Mara ya pili tulipita ile ya kwanza kwa uzuri, kwa sababu tulikuwa tukiimbia roho ya mtu na bado tulidhani imebaki hatua moja. Sijuti kwamba tuliimba. Najuta kwamba tuliimba vizuri, tukampa yule mtu jioni njema. Katikati ya mstari mrefu hofu ilinishika, nikamgusa Mtepa nimechelewa, nikavuta pumzi kwa pupa kama mgeni. Yeye alikuwa amekwisha kushika. Hakuna aliyesikia ila sisi wawili.

Tulipomaliza, Bwana Mkubwa alimpa Bruda sigara nene, akawaashiria askari kwa kidevu. Bruda akaanza kuzungumza Kijerumani, haraka, akikosea, akinionyesha mimi, akimwonyesha Mtepa. Bwana Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho bila kukasirika. Kisha alijibu kwa sentensi fupi. Njiani nilimwuliza Bruda ilikuwa na maana gani. Ilikuwa na maana kwamba wimbo ni wimbo, na hukumu ni hukumu.

Askari walikuwa wamekwisha kumshika Mtepa mkono. Alinigeukia, na alichoniambia kilikuwa cha kazi.

"Mara ya pili uliogopa," alisema. "Ukifika pale, pumua taratibu. Mimi nimeshika."

Siku ya kunyongwa sitaieleza. Songea nzima inaijua, na wako waliopoteza wengi kuliko sisi. Nitasema tu kwamba kabla yake padri aliwabatiza waliotaka, na Mtepa alipoulizwa anataka jina gani alisema Anselmo. Bruda alipoambiwa aliingia kwenye tanuri lililokuwa limepoa, akakaa humo mpaka padri mwenyewe alipomfuata.

Baada ya hapo ikaja njaa. Tulichimba ming'oko, vile viazi vya mwitu, porini, na wengi walikufa njiani kuelekea kwenye ming'oko. Mkisikia wazee wanasema Ungoni ilinyamaza, msidhani ni maneno ya kupamba. Kwaya ilipoanza tena ilikuwa na wasichana, na wavulana ambao sauti zao hazijavunjika, na mimi. Wanaume hawakuwepo. Hapakuwa na watu wa kuimba ligihu wala Kilatini. Kwa muda mrefu kanisa letu liliimba kama nyumba iliyojengwa kuanzia kwenye paa.

Bruda alitengeneza matofali mapya. Hadithi za wafalme hakusimulia tena, isipokuwa mara moja tukipakua tanuri, aliposema bila mimi kumwuliza: "Nilikosea. Mfalme wa jukwaani husamehe kwa sababu ameandikiwa asamehe." Halafu akanipa tofali. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi niliamini, kwamba hata dada aliamini kwa muda ule wetu wa kutembea mpaka bomani na kurudi. Sikupata maneno. Natamani ningeyapata, hata kwa Kingoni, angeelewa.

Kanisa jipya lilipokwisha, Bwana Mkubwa alikuja kulitazama. Ilikuwa Kwaresima. Baada ya kulisifu jengo alisema angependa kuusikia tena ule wimbo wa siku ile. Nilimtazama Bruda nikidhani atakataa. Hakukataa. Alikitoa chuma mfukoni, akakigonga gotini kama siku zote, tukaanza.

Nilipofika kwenye mstari mrefu, nilishika mpaka mahali pangu pa kupumulia. Mtu mwingine angeiba pumzi kidogo pembeni ya neno, ndivyo wanavyofanya besi wa peke yao, na Bruda alikuwa amenifundisha namna ya kuiiba. Sikuiiba. Kiwiko changu kilikwenda kando chenyewe, hakikugusa kitu. Nikapumua taratibu, kama nilivyoambiwa. Chini pakawa wazi. Wavulana waliendelea juu peke yao, wakitetemeka, mpaka niliporudi.

Tulipotoka nje Bwana Mkubwa alimwuliza Bruda kwa Kijerumani, akininyooshea kijiti chake. Sikuijua lugha lakini swali nililielewa: mbona huyu anakatika hapo, siku ile hakukatika. Bruda angeweza kumjibu kwa lugha ile ile. Alimjibu kwa Kiswahili, polepole, ili mimi na wote tuliosimama pale tusikie.

"Hapo palikuwa na mtu," akasema.

Bwana Mkubwa alivaa kofia yake, akaagiza nyumbu wake wa kupanda aletwe. Hakuomba wimbo tena.

Bruda alifariki kwa homa ya mkojo mweusi kabla ya Wajerumani kuondoka. Chuma aliniachia mkononi, na koleo akaliacha tanurini. Baada yake nimeimba chini ya wasimamizi wengi, nimeimba Waingereza wakiingia, nimefundisha besi walioondoka wakawa makarani na makatekista. Kazi ilikuwa njema, sina neno. Lakini sikupata tena mtu wa kusimama naye kiwiko kwa kiwiko, na nilipopata nafasi ya kumfundisha mmoja, niliona uzito, nikamwacha ajifunze mwenyewe.

Dada yangu hakuwa mtu wa kanisa. Alikuja Ijumaa za Kwaresima tu, akasimama mlangoni na kanga yake kichwani. Wimbo wa Bruda ukianza alisikiliza mpaka ule mstari mrefu, mpaka pale ninaponyamaza. Akishapasikia, aliondoka. Wasimamizi walionitaka nizibe shimo hawakujua kwamba yuko mwanamke aliyetembea kutoka mbali kuja kulisikia. Mwaka huu hakuja, tulimzika kabla ya mavuno yaliyopita. Ndiyo maana nimeona nami nistaafu.

Sasa wewe Damiani, na mwenzako yule wa Lusewa mwenye sauti nzuri na masikio mabaya. Simameni karibu. Jifunzeni kiwiko. Mmoja akitaka kupumua amguse mwenzake, na aliyeguswa ashike, na anayepumua asifanye pupa. Zibeni pale katikati, mna ruhusa yangu, wimbo ulitungwa uzibwe. Mimi tu ndiye sikuweza. Jumapili, kwa mara ya mwisho, nilifika pale nikasogeza kiwiko, nikapumua taratibu, na baada ya miaka yote hii bado nilishangaa kidogo kwamba hakuna aliyeshika.